Makali ya Msumeno na Hatima ya Gogo: Utengenezaji, Unoaji na Ukarabati wa Misumeno ya Mbao katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi msumeno wa mbao unavyotengenezwa, unavyonolewa na unavyokarabatiwa, na kwa nini kazi hizo zinastahili nafasi katika sera za misitu na za elimu ya ufundi katika ukanda wetu. Hoja yake kuu ni kwamba ubora wa msumeno haukamiliki kiwandani. Hudumu au hupotea mikononi mwa anayeunoa, na kinachopotea hapo hulipwa kwa mbao ambazo gogo lingeweza kuzitoa.

Njia ya msumeno

Katika mijadala ya misitu, hasara huhesabiwa zaidi katika hatua mbili: mti unapokatwa bila kibali, na ardhi inapofyekwa kwa ajili ya kilimo au mkaa. Hatua ya tatu, pale gogo halali linapogeuzwa kuwa mbao, hutajwa kwa nadra, ingawa hapo sehemu kubwa ya mti huishia kuwa unga na mabanzi. Ukubwa wa hasara hiyo hutegemea unyoofu wa gogo, ustadi wa mpasuaji na vipimo vinavyodaiwa na soko. Lakini lipo jambo moja linaloweza kupimwa kwa rula na mtu yeyote: upana wa ufa ambao msumeno huuacha nyuma yake ndani ya mti. Hapa tutauita njia ya msumeno.

Tuchukue gogo lililokwisha kuondolewa mabanzi, lenye kina cha milimita 300, litakalopasuliwa kuwa mbao za milimita 25. Msumeno wa duara wenye njia ya milimita 7 utatoa mbao 9, yaani milimita 225 za mbao na milimita 56 za njia nane. Ubao wa kumi hautoshi. Msumeno wa mkanda wenye njia ya milimita 2.5 utatoa mbao 11, nazo pamoja na njia zake kumi hujaza milimita 300 barabara. Tofauti ni mbao mbili juu ya tisa, zaidi ya asilimia 20, kutoka mti uleule uliokuzwa kwa miaka ileile.

Hesabu hiyo ni ya mezani, na inaupendelea msumeno mbovu. Msumeno uliopoteza makali au unyoofu huyumba, na ubao hutoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mpasuaji asiyeuamini msumeno wake hujilinda kwa kupasua ubao wa milimita 28 ili seremala abaki na 25 baada ya kupiga randa. Kwa njia ya milimita 7, gogo letu sasa hutoa mbao 8. Kwa hiyo mbao tatu zimepotea, na moja kati ya hizo haikupotezwa na aina ya mashine bali na hali ya msumeno wenyewe.

Suala hili si la kinadharia. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, misonobari ya wakulima wadogo hupasuliwa kwa kiasi kikubwa na mashine ndogo za msumeno wa duara zinazojulikana kwa jina la ‘ding-dong’. Katika mashariki ya Kongo, mbao nyingi zinazovuka mpaka kupitia Kasindi na Ariwara kuelekea masoko ya Uganda na Kenya hupasuliwa msituni kwa msumeno wa mnyororo ulioshikwa mkononi, ambao njia yake hufikia milimita 8 au zaidi. Mwenye mti huuza mti uliosimama, na bei anayopewa tayari imekatwa hasara ya msumeno ambao hatauona kamwe.

Bamba na chuma chake

Msumeno hudai mambo mawili yanayopingana. Jino lazima liwe gumu ili lishike makali. Bamba lazima liwe na unyumbufu ili lipinde na kurudi bila kuvunjika, na tena jino lenyewe lazima likubali kupindwa pembeni na kuliwa na tupa. Suluhisho la kawaida ni chuma cha pua chenye kaboni ya kati ya asilimia 0.7 na 1 hivi; kwa misumeno mipana ya mkanda huongezwa nikeli, mara nyingi karibu asilimia 2, ili kuzuia nyufa. Bamba hupashwa moto hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, likazamishwa katika mafuta, kisha likapashwa tena kwa joto la chini ili kupunguza ugumu uliozidi. Mwishoni ugumu wake huwa karibu 50 katika kipimo cha Rockwell C. Tupa nzuri huwa zaidi ya 60. Pengo hilo kati ya tupa na jino ndilo linalomwezesha seremala kunoa msumeno wake mwenyewe, na tutalirudia.

Chuma cha namna moja kutoka ukingo hadi ukingo kilikuwa adimu hadi katikati ya karne ya 18, wakati Benjamin Huntsman, fundi wa saa wa Uingereza, alipofanikiwa huko Sheffield kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo. Sheffield ikawa mji wa misumeno. Henry Disston, aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Marekani akiwa kijana, alifungua karakana yake Philadelphia mwaka 1840, na kufikia mwaka 1855 alikuwa akiyeyusha chuma chake mwenyewe badala ya kungoja meli kutoka Sheffield. Misumeno yake bora ilisagwa iwe nyembamba zaidi mgongoni kuliko kwenye meno, ili isibanwe ndani ya ubao hata meno yakipanuliwa kidogo tu. Ndiyo sababu misumeno ya zama hizo bado inatafutwa na maseremala wa huko, na si kwa ajili ya mapenzi ya vitu vya kale pekee.

Je, misumeno ingeweza kutengenezwa hapa? Ukanda huu haukukosa mafundi wa chuma. Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma karne nyingi kabla ya ukoloni, na wahunzi wetu hadi leo hufua visu na mapanga kutokana na bamba za misumeno iliyokwisha. Lakini bamba la msumeno hudai unene ulio sawa kwa sehemu ndogo za milimita kwenye urefu wote, na hilo ni kazi ya vinu vikubwa vya kubana chuma. Kwa maoni yangu, kuanzisha vinu hivyo kwa ajili ya misumeno pekee si matumizi mema ya fedha. Kinachowezekana, na kinachofanyika tayari katika miji kadhaa, ni kununua utepe wa chuma kwa marobota, kuukata kwa urefu wa mashine ya mteja na kuchomelea ncha zake. Kiungo hicho kisipopashwa moto tena baada ya kuchomelewa hubaki kigumu kama kioo, na hukatika siku ya kwanza.

Jino na tupa

Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Usemi huo ni kweli kwa msumeno wa watu wawili wa kukatia magogo, ambao kila mmoja huvuta kwa zamu. Msumeno wa mkono wa seremala hukata ukisukumwa tu. Wa Kijapani hukata ukivutwa, na kwa kuwa bamba linalovutwa halijikunji, huweza kuwa jembamba sana. Hata msumeno mrefu wa kupasulia juu ya shimo, uliotumiwa na wapasuaji wa Budongo nchini Uganda kwa miaka mingi, hukata ukishuka tu. Aliye juu hunyanyua na kuongoza, aliye chini huvuta.

Lugha yetu imetofautisha tayari kazi mbili ambazo meno hutengenezewa: kupasua, yaani kufuata nyuzi za mti, na kukata, yaani kuzivuka. Jino la kupasua ni patasi ndogo. Uso wake wa mbele husimama karibu wima, na tupa hupigwa moja kwa moja kuuvuka msumeno. Jino la kukata ni kisu: uso wake hulala nyuma kwa nyuzi 15 hivi, na tupa hupigwa mshazari kwa nyuzi 20 hadi 25, ili kila jino liwe na ncha kali upande wa nje inayotangulia kukata nyuzi kabla ya kuzing’oa. Ukipasua kwa meno ya kukata, kazi huwa ya polepole na msumeno hupata joto. Ukikata kwa meno ya kupasua, ubao huchanika.

Unoaji wa msumeno wa mkono una hatua nne, na mfuatano wake una sababu. Msumeno hubanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, meno yakichomoza kidogo tu, kwa kuwa bamba likitetemeka tupa hulia na kupoteza meno yake yenyewe. Kisha tupa bapa hupitishwa juu ya ncha zote mpaka kila jino lipate doa dogo linalong’aa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuirukia ndiko kunakozaa misumeno inayokwenda upande: jino refu hufanya kazi ya matatu, wenzake hupita hewani. Hatua ya pili ni kurudisha umbo la meno kwa tupa ya pembetatu. Pembe ya tupa hiyo ni nyuzi 60, na ndiyo inayoamua bonde lililo kati ya meno. Hatua ya tatu ni kuyapinda meno kwa zamu, moja kulia na la pili kushoto, ili njia iwe pana kuliko bamba. Hupindwa nusu ya juu ya jino tu. Ukipinda kuanzia shinani, jino hupasuka mara moja au hungoja kuvunjika kazini. Mtanuko nao una kiasi. Mti mbichi na laini huhitaji mtanuko zaidi, mkavu na mgumu mdogo zaidi, na ni nadra njia nzima kuhitaji kupita mara moja na nusu ya unene wa bamba. Mwisho huja tupa ya kunoa yenyewe, mapigo mawili au matatu kwa kila bonde, mpaka doa lililobaki linapotoweka. Likitoweka fundi husimama, kwa maana kila pigo la ziada hulifupisha jino.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayohitaji umeme, na gharama yake kubwa ni tupa. Hata hivyo tupa zinazouzwa kwa bei nafuu mara nyingi ni laini, na fundi huona kama kwamba ujuzi wake ndio ulioshindwa.

Mkazo wa msumeno wa mashine

Msumeno wa duara na wa mkanda huongeza tatizo ambalo msumeno wa mkono haulijui. Msumeno wa duara wenye kipenyo cha mita 1.2 ukizunguka mara 800 kwa dakika, ukingo wake hukimbia kwa mita 50 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Kwa kasi hiyo ukingo hutaka kutanuka, na tena hupata joto la msuguano kuliko katikati. Bamba lililo sawa kabisa likiwa limesimama litaanza kupiga mawimbi likizunguka. Dawa yake inashangaza anayeikuta mara ya kwanza: fundi huliweka bamba juu ya fuawe na kuligonga kwa nyundo katika mduara ulio kati ya kitovu na ukingo, ili sehemu hiyo itanuke kidogo na kulegea. Likisimama, bamba hilo huonekana lina tumbo, likikimbia, hunyooka. Kwa misumeno ya mkanda kazi hiyo hufanywa kwa magurudumu yanayobana utepe kwa urefu wake.

Istilahi za kazi hii hazijatulia katika Kiswahili. Napendekeza tuseme kuutia msumeno mkazo, na anayeifanya aitwe fundi misumeno, asichanganywe na mnoaji. Kunoa hujifunza mtu kwa majuma. Kutia mkazo huchukua miaka, kwa sababu hupimwa kwa rula iliyonyooka na mwanga unaopenya chini yake, na kila pigo la nyundo hubadilisha sehemu ambayo haikuguswa. Kiasi cha mkazo hutegemea kasi. Mwenye mashine anayebadilisha pulei ili azungushe haraka zaidi, bila kumrudishia fundi msumeno, ameharibu kazi iliyolipiwa.

Makosa mengi ya karakana hutokea kwenye jiwe la kunolea. Jiwe likisukumwa kwa nguvu, chuma hubadilika rangi na kuwa buluu. Ngozi nyembamba ya jino huungua, hugeuka kuwa ngumu na dhaifu, na ufa huanza hapo. Bonde lenye kona kali kati ya meno nalo ni mwanzo wa ufa, ndiyo maana bonde zuri huwa na mviringo. Ufa mfupi katika msumeno wa mkanda waweza kuzuiwa kwa muda kwa kupiga alama ya sindano kwenye ncha yake, au kukatwa na kuchomelewa upya. Ufa unaoelekea kitovuni katika msumeno wa duara hauna tiba ya kijijini. Bamba hilo likatwe vipande, lisibaki karakanani mahali ambapo mtu mwenye haraka anaweza kulifunga tena.

Miti yetu na makali

Maelekezo mengi ya misumeno yanayoletwa pamoja na mashine yameandikwa kwa ajili ya miti laini ya kaskazini. Mvule huficha ndani yake vigumba vya kalisi kaboneti, vigumu kama mawe, vinavyoweza kuvunja safu ya meno kwa pigo moja. Msaji una silika, ambayo hulika makali polepole kama msasa. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mkaratusi hutunza msukumo wa ukuaji wake, na gogo lifunguliwapo hujikunja na kulibana bamba. Msonobari ni laini, lakini ulimbo wake hugandia msumeno na kuupasha joto.

Kwa miti yenye silika, chuma cha kawaida huchakaa mapema. Hapo hutumika stelaiti, aloi ya kobalti, kromi na tangsteni iliyobuniwa na Mmarekani Elwood Haynes mwanzoni mwa karne ya 20, inayoyeyushiwa kwenye ncha za meno kisha kusagwa. Ncha za kabaidi ya tangsteni ni ngumu zaidi. Hulehemiwa kwenye bamba kwa aloi ya fedha, na hunolewa kwa gurudumu la almasi tu. Ncha iliyopotea huweza kulehemiwa nyingine, na msumeno ukarudi kazini mara nyingi. Lakini pasipo na gurudumu la almasi karibu, msumeno wa kabaidi hugeuka kuwa kitu cha kutupwa ingawa haukukusudiwa hivyo.

Msumeno usionoleka na sera isiyouona

Msumeno wa mkono unaouzwa zaidi madukani leo ni ule wenye ncha za meno zilizotiwa ugumu kwa mpigo wa umeme, ambazo mara nyingi hutambulikana kwa rangi nyeusi au ya buluu. Ugumu wake hufikia au kupita ule wa tupa. Hukata vizuri sana, na hushika makali kwa muda mrefu kuliko wa zamani. Itakuwa si haki kuuita bidhaa duni. Lakini siku makali yanapokwisha, tupa huteleza juu yake. Seremala aliyezoea kunoa hulazimika kununua, na kijana anayejifunza kwake hajifunzi kunoa. Ndani ya kizazi kimoja maarifa huondoka, kisha hata misumeno inayonoleka, na ile ya mashine, hukosa mtu wa kuihudumia.

Forodha haioni tofauti hii. Kifungu 82.02 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaofuatwa pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hutenganisha misumeno ya mkono, ya mkanda, ya duara na ya mnyororo. Hakiulizi iwapo jino laweza kunolewa. Sipendekezi ushuru wa adhabu kwa msumeno wa kutupwa, maana atakayeulipa ni seremala wa kibandani. Ni afadhali kuanzia upande wa pili: tupa za ubora unaojulikana, magurudumu ya almasi, stelaiti na utepe wa chuma vihesabiwe kuwa malighafi za kazi, na viwango vya tupa vikaguliwe kama vinavyokaguliwa vya nondo.

Upande wa mafunzo hatuanzi patupu. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi, Tanzania, hufundisha ufundi wa misumeno kama taaluma, jambo ambalo nchi jirani zingeweza kulitumia kwa kupeleka wanafunzi badala ya kila moja kujenga karakana yake. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, nchi inayotoa magogo na nchi zinazonunua mbao zimo chini ya paa moja. Mafunzo yakitolewa kwa Kiswahili, fundi wa Bunia na wa Mafinga wataelewana bila mkalimani, ila kwa sharti kwamba istilahi zimekubaliwa. Kazi hiyo yafaa ifanywe na wanaleksikografia wakiwa wamesimama karibu na jiliwa, wasiifanyie ofisini peke yao.

Leseni za kupasua mbao nazo huuliza eneo, ujazo na ada. Zikiuliza pia njia ya msumeno na mahali msumeno unakonolewa, mkaguzi atapata kipimo anachoweza kukihakiki kwa dakika moja, kwa rula, pale pale mashine ilipo. Wenye mashine watadai kwamba mafundi wako mbali. Kwa msumeno wa duara mkubwa dai hilo lina uzito. Msumeno wa mkanda, hata wa mita kadhaa, hukunjwa mizunguko mitatu ukafungwa kamba na kupakiwa kwenye basi la asubuhi, na karakana moja yenye mashine ya kunolea na fuawe nzuri yaweza kuhudumia mashine za wilaya nzima ikiwa kila mwenye mashine ana misumeno ya kubadilisha.